Majina ya kisayansi ya bogenvilia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mombasa

Ukurasa huu ni wa mtu mwenye bogenvilia ukutani kwake, au anayetaka kununua mche, na anataka kujua jina lake halisi. Maswali yaliyomo ndiyo huulizwa zaidi na wanunuzi kwenye vitalu vya kando ya barabara, walimu wanaotaka kuweka vibao shuleni, na watunzaji wa bustani za hoteli kuanzia Nyali hadi Shanzu. Palipo na utata nimejibu kwa urefu. Pengine jibu ni moja tu, nami nimelitoa na kupita. Jambo moja nalisema tangu mwanzo kwa sababu ndilo linalokosewa kuliko yote: rangi ya ua haikuambii spishi.

## Bogenvilia ni mmea mmoja au ni kundi la mimea?

Ni kundi. Wanasayansi huliita kundi kama hilo jenasi, na ndani ya jenasi mna spishi. Jina kamili la mmea lina maneno mawili: la kwanza ni jenasi, la pili linabainisha spishi. Asumini ya vikuba, ile inayouzwa jioni Mji wa Kale, ni *Jasminum sambac*. *Jasminum* ni jenasi yenye asumini za kila namna, na *sambac* inatuelekeza kwenye hii yetu yenye harufu kali. Kwa mmea wetu, jenasi ni *Bougainvillea*. Ukisema "nina bogenvilia" umetaja jenasi tu, sawa na kusema "nina asumini" bila kusema ipi.

Juu ya jenasi kuna familia. Bogenvilia imo katika familia ya Nyctaginaceae, nami nitawataja jamaa zake mbele kidogo, kwani baadhi yao wanaota hapa hapa kwetu bila kupandwa na mtu.

## Ziko spishi ngapi?

Kati ya 16 na 18, kutegemea mtaalamu unayemfuata, na asili ya zote ni Amerika Kusini: Brazili, Bolivia, Peru, Ekwado, Paragwai na Ajentina. Tatu tu ndizo zilizozaa karibu kila bogenvilia ya bustani duniani:

*Bougainvillea spectabilis*, iliyopewa jina na Mjerumani Carl Ludwig Willdenow mwaka 1799.

*Bougainvillea peruviana*, iliyoelezwa na Alexander von Humboldt na Aimé Bonpland mwaka 1808.

*Bougainvillea glabra*, iliyoelezwa na Mswisi Jacques Denys Choisy mwaka 1849.

Nyingine, kama *B. spinosa*, *B. stipitata* na *B. berberidifolia*, ni mimea ya porini ambayo hutaiona kwenye vitalu vya Mombasa. Baadhi ni vichaka vya nchi kavu, na maua yake hayana fahari ya kumfanya mtu asimamishe gari.

## Jina Bougainvillea limetoka wapi?

Limetokana na Louis Antoine de Bougainville, nahodha Mfaransa aliyeongoza safari ya kuzunguka dunia kuanzia 1766 hadi 1769 kwa meli mbili, *Boudeuse* na *Étoile*. Lakini si yeye aliyeuchunguza mmea. Katika safari hiyo alikuwamo mtaalamu wa mimea, Philibert Commerson, na meli zilipotia nanga Rio de Janeiro mwaka 1767 ndipo mmea huu ulipokusanywa. Commerson akaupa jina la mkuu wa safari, kama ilivyokuwa desturi.

Kuna mtu wa tatu ambaye kila anayeipenda bogenvilia anapaswa kumjua. Commerson alikuwa na msaidizi aliyejulikana melini kama mwanamume. Kumbe alikuwa Jeanne Baret, mwanamke aliyevaa mavazi ya kiume kwa sababu meli za kifalme za Ufaransa hazikuruhusu wanawake. Commerson alisumbuliwa na mguu, na kazi nzito ya kupanda milima, kukata matawi na kubeba mizigo ya mimea iliangukia mabegani mwa Baret. Wapo wanaoamini kwamba mkono uliolikata tawi lile la kwanza Rio ulikuwa wake. Anajulikana leo kama mwanamke wa kwanza kuizunguka dunia.

Wote wawili waliiacha safari kwenye kisiwa cha Morisi, ndani ya Bahari ya Hindi hii hii yetu, mwaka 1768. Commerson alifia huko mwaka 1773, na Baret alirudi Ufaransa baadaye. Commerson alikuwa ametaka kuiita jenasi moja *Baretia* kwa heshima ya msaidizi wake, ila jina hilo halikudumu, na mimea ile leo imo katika jenasi ya *Turraea*. Ilibidi kungoja hadi mwaka 2012 ndipo spishi moja ya Amerika Kusini ilipoitwa *Solanum baretiae*. Nahodha alipata mmea unaojulikana dunia nzima. Aliyebeba mizigo alipata mmea wa milimani usiojulikana na wengi, tena baada ya zaidi ya miaka mia mbili. Mimi naona huo ni upungufu mkubwa katika historia ya majina, na ndiyo maana namtaja kila ninapoulizwa swali hili.

## Mbona tahajia zinatofautiana kitabu kwa kitabu?

Commerson hakulichapisha mwenyewe jina alilotoa. Lilichapishwa na Antoine Laurent de Jussieu jijini Paris mwaka 1789, nalo liliandikwa *Buginvillaea*. Waliofuata waliandika kila mtu kivyake. Kanuni za majina ya mimea kwa kawaida hufuata tahajia ya kwanza, lakini zinaruhusu jina lililozoeleka lihifadhiwe pale ambapo kulibadilisha kungeleta vurugu. Ndivyo ilivyokuwa: *Bougainvillea* ndiyo tahajia iliyohifadhiwa, inayolingana na jina la nahodha. Ukiona lebo yenye *Buginvillaea* au *Bougainvillaea*, ni mmea ule ule kwa maandishi ya zamani. Kwa Kiswahili andika bogenvilia bila wasiwasi. Tahajia ya Kilatini iweke pale tu unapotaja jina la kisayansi.

## Yale ya rangi ni maua au majani?

Ni majani yaliyogeuka. Huitwa braktea, mimi nitayaita vijani vya rangi. Ua lenyewe ni kile kimrija chembamba kilichoshikamana na mshipa wa kati wa kila kijani, chenye mdomo mweupe au wa maziwa. Kwa kawaida vijani vitatu hukaa pamoja, kila kimoja na kimrija chake. Kwa hiyo unaposema "ua moja la bogenvilia" mara nyingi umeshika maua matatu.

Hili si jambo la kujionyesha kwamba umesoma. Vile vimrija vidogo ndivyo vinavyobeba sehemu kubwa ya ushahidi wa spishi, na watu wengi hawajawahi kuviangalia hata mara moja, kwa kuwa macho yote huishia kwenye rangi.

## Basi nitaitambuaje spishi niliyo nayo?

Kata tawi lenye maua yaliyofunguka, kaa nalo kwenye mwanga wa kutosha, na kama unacho kioo cha kukuzia kichukue. Anza na jani, kisha mwiba, kisha kimrija. Vijani vya rangi viwe vya mwisho.

*B. glabra*: jani ni laini, linang'aa, na ukilipapasa husikii manyoya. Neno *glabra* kwa Kilatini lina maana hiyo hiyo ya kutokuwa na nywele. Miiba ni mifupi na myembamba. Kimrija ndicho kinachomaliza ubishi: kina pembe tano zinazoonekana wazi, na sehemu yake ya chini imevimba. Vijani vya rangi huwa na ncha, karibu umbo la pembetatu, na mara nyingi ni zambarau au vyeupe.

*B. spectabilis*: geuza jani upande wa chini ulipitishie kidole. Utahisi manyoya. Hata matawi machanga yana manyoya. Miiba ni mikubwa, imara na imepinda, na mtu aliyewahi kupogoa mmea huu bila glavu hahitaji kuelezwa. Kimrija nacho kimejaa nywele, wala pembe zake hazionekani kama za *glabra*. Mmea wenyewe ni mkubwa na una nguvu. Ukiuacha utapanda mpaka juu ya mkungu.

*B. peruviana*: jani ni pana, jembamba kwa unene, halina manyoya. Kimrija ni chembamba, laini, kisicho na uvimbe. Vijani vya rangi ni vidogo, vinaelekea umbo la duara, na vimekunjamana. Hii peke yake, bila kuchanganyika, ni adimu katika bustani zetu. Damu yake ndiyo imeenea, kupitia machotara.

Usipime kwa tawi moja. Jani la kivulini huwa kubwa na jembamba kuliko jani la juani kwenye mmea ule ule, na chipukizi linalokua kwa kasi baada ya masika huwa na miiba mirefu kuliko tawi lililokomaa. Chukua matawi kutoka pande tofauti. Na ukitaka jibu la kitaalamu kabisa, kausha tawi lenye maua katikati ya magazeti chini ya kitu kizito, liandikie mahali na tarehe ulipolikata, kwa sababu tawi lisilo na habari hizo halimfai mtaalamu. Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, Nairobi, yana hifadhi kubwa ya mimea iliyokaushwa ya Afrika Mashariki, na watu wanaoifanya kazi hiyo ya utambuzi.

## Nimeangalia yote hayo na ya kwangu haiingii popote. Kulikoni?

Yako ni chotara, na hilo ndilo jibu la bogenvilia nyingi utakazoziona Mombasa. Spishi hizi tatu huchanganyika zikipandwa karibu karibu, na watunza bustani duniani wamekuwa wakizichanganya tangu zamani.

Machotara makuu ni matatu. *Bougainvillea × buttiana* ni mtoto wa *glabra* na *peruviana*. *B. × spectoglabra* ni wa *spectabilis* na *glabra*. *B. × spectoperuviana* ni wa *spectabilis* na *peruviana*. Ile alama ya × si herufi eksi. Ni alama ya kuzidisha, na inasema waziwazi kwamba mmea ni chotara.

Habari ya *buttiana* inastahili kusimuliwa. Mwaka 1910 bibi mmoja, Mrs Butt, aliuona mmea wenye vijani vya rangi ya damu ya mzee huko Cartagena, Kolombia, akauchukua hadi Trinidad. Ukapewa jina lake, 'Mrs Butt', na kutoka Trinidad ukasambaa katika nchi za joto. Wakati ule karibu bogenvilia zote zilizojulikana bustanini zilikuwa za zambarau na waridi, kwa hiyo wekundu ule uliwashangaza watu. Mwaka 1944 wataalamu wa mimea Holttum na Standley ndio walioupa jina la kisayansi *× buttiana*. Nyingi ya bogenvilia nyekundu, za rangi ya chungwa na za manjano unazoziona leo juu ya kuta za Tudor na Kizingo zinatokana na ukoo huu.

Kwa hiyo usisikitike ukishindwa kuipa yako spishi moja. Kuandika "Bougainvillea chotara" ni ukweli. Kuandika *B. spectabilis* kwa sababu tu mmea ni mkubwa na mwekundu ni uongo, hata kama umechapishwa kwa rangi nzuri kwenye kibandiko cha kitalu.

## Bogenvilia yangu ya zambarau imetoa tawi jeupe. Imegeuka spishi nyingine?

Hapana. Spishi haibadiliki kwa tawi. Bogenvilia ina tabia ya kutoa chipukizi lililobadilika lenyewe, lenye rangi tofauti na mmea mzima. Ukikata kipandikizi kutoka tawi hilo na kukiotesha, unaweza kupata mmea mzima wa rangi ile mpya. Aina nyingi za bustani, yaani mimea ambayo watunza bustani wameichagua ndani ya spishi au chotara na kuipa jina lake, zilizaliwa hivyo. 'Mary Palmer', yenye vijani vyeupe na vya waridi kali kwenye mmea mmoja, ilitokea Calcutta, India, mwaka 1949, kama chipukizi la aina nyingine iitwayo 'Mrs H. C. Buck'. Hata leo 'Mary Palmer' haitulii: tawi hili litatoa meupe tupu, lile la waridi tupu.

Hii ndiyo sababu kubwa ninayokataa rangi itumike kama jina. Mmea mmoja, shina moja, mizizi ile ile, na rangi mbili juu yake.

## Muuzaji ameniambia ni "ya Thailand". Hiyo ni spishi?

Hilo ni jina la biashara, linaloonyesha labda mche au mtindo wake ulikotoka. Hakuna spishi ya bogenvilia yenye asili ya Thailand, wala ya Hawaii. Muulize muuzaji jina la aina. Kama halijui, nunua kwa sababu umeupenda mmea, na uandike tu "jina halijulikani".

## Na yenye vijani vingi vilivyofumbatana?

Hizo ni aina za bustani zenye vijani vilivyorudufika, kama 'Mahara' na 'Los Banos Beauty'. Si spishi. Ufahamu kabla ya kununua kwamba vijani vyake havipukutiki vikizeeka. Hukauka na kubaki tawini na rangi ya kahawia mpaka uvikate, ilhali bogenvilia za kawaida hujisafisha zenyewe kwa upepo.

## Majani ya yangu yana manjano. Ni ile aina ya majani mabaka?

Hapa Mombasa swali hili ni muhimu kuliko linavyoonekana. Kuna aina za bustani zenye majani ya mabaka kwa asili, kwa mfano 'Thimma' na 'Raspberry Ice', na huuzwa kwa bei ya juu. Lakini udongo wetu mwingi umekaa juu ya mawe ya matumbawe, una chokaa nyingi, na bogenvilia hupenda udongo wenye uchachu kidogo. Kwenye chokaa mizizi hushindwa kunyonya madini ya chuma hata kama yapo, na majani machanga hugeuka manjano.

Tofauti iko kwenye mishipa. Kwenye upungufu wa chuma, mishipa ya jani hubaki kijani na katikati yake ndipo panapogeuka manjano, tena kwa mpangilio ule ule kila jani. Mabaka ya asili hayafuati mishipa. Aghalabu hukaa pembeni mwa jani au kutapakaa ovyo, na kila jani lina mchoro wake. Mche mgonjwa haupaswi kuuzwa kwa jina la aina adimu. Ukiwa na shaka, usinunue siku hiyo.

## Nimeona shina moja lenye rangi tatu. Huo nao una jina?

Hauna jina moja, kwa sababu si mmea mmoja. Mtu amebebesha vikonyo vya aina tatu juu ya shina moja. Kila tawi lina jina lake, na shina la chini lina lake. Likichipua chini ya mahali palipobebeshwa, ondoa chipukizi hilo, la sivyo litazimeza nyingine.

## Nikiandika kibao cha shule au hoteli, niandike vipi?

Jenasi ianze kwa herufi kubwa, neno la pili kwa herufi ndogo daima, hata kama limetokana na jina la nchi: *Bougainvillea peruviana*, kamwe si *Peruviana*. Maneno hayo mawili yalazwe, au yapigiwe mstari kama unaandika kwa mkono. Jina la aina ya bustani halilazwi. Huandikwa kwa herufi kubwa mwanzoni na kuwekwa ndani ya alama moja moja za kunukuu: *Bougainvillea × buttiana* 'Mrs Butt'.

Kama unajua aina lakini hujui wazazi, kanuni zinakuruhusu kuruka katikati: *Bougainvillea* 'Mary Palmer'. Jina hilo ni kamili. Kama hujui lolote zaidi ya kwamba ni bogenvilia, andika *Bougainvillea* sp., na hiyo "sp." usiilaze. Nawasihi walimu hasa wasiione aibu kuandika hivyo. Mtoto akisoma "sp." atauliza ni nini, na mtamweleza ukweli. Akisoma spishi iliyobuniwa ataibeba mpaka mtihani.

## Nani ana mamlaka ya kuamua majina haya?

Majina ya jenasi na spishi yanafuata kanuni za kimataifa za majina ya mimea, ambazo huhesabu mwanzo wake mwaka 1753, Carl Linnaeus alipochapisha orodha yake ya spishi za mimea. Hakuna ofisi inayotoa kibali. Mwanasayansi huchapisha maelezo ya mmea kwa masharti yaliyowekwa na wenzake huyapima. Majina ya aina za bustani yana kanuni zake tofauti, zilizotolewa mara ya kwanza mwaka 1953. Kwa upande wa bogenvilia, mamlaka ya kimataifa ya kusajili majina ya aina iko New Delhi, kwenye Taasisi ya Utafiti wa Kilimo ya India. India imezalisha aina nyingi mno za bogenvilia, na ndiyo maana utakutana na majina kama 'Begum Sikander' na 'Wajid Ali Shah'.

Mtunza bustani wa Mombasa akipata chipukizi jipya kweli kweli, anaweza kulipendekezea jina huko. Ningefurahi sana kuona jina la Kiswahili kwenye orodha ile.

## Majina ya kisayansi hubadilika?

Hubadilika, utafiti unapoonyesha kwamba mmea uliwekwa mahali pasipo pake. Ule mtambaa wenye maua yanayoanza meupe na kuishia mekundu, unaopendwa sana kwenye mageti ya Pwani, ulijulikana miaka mingi kama *Quisqualis indica*. Sasa ni *Combretum indicum*. *Bougainvillea* yenyewe imetulia. Linalobadilika ni majina ya zamani ya spishi: ukikuta *B. brasiliensis* kwenye orodha ya kale, soma *B. spectabilis*.

## Ni kweli Wareno ndio walioileta Mombasa?

Watu husema hivyo kwa sababu muhogo na korosho zililetwa na Wareno kutoka Brazili, na bogenvilia nayo ni ya Brazili. Tazama miaka. Wareno waliipoteza Fort Jesus mwaka 1698, wakairudia kwa muda mfupi tu kati ya 1728 na 1729. Commerson aliukuta mmea huu Rio mwaka 1767. Muhogo na korosho ni mazao ya chakula. Bogenvilia ilienezwa kama pambo, na vitalu vya Ulaya vya karne ya 19 ndivyo vilivyoisukuma kwenye nchi za joto.

## Ina jamaa gani hapa Pwani?

Jamaa wa karibu bustanini ni *Mirabilis jalapa*, lile ua linalofunguka alasiri na kunukia usiku. Mwingine ni kwekwe: *Boerhavia*, unaotambaa chini kwenye mchanga na viwanja vitupu, wenye vimaua vidogo vya waridi na vijimbegu vinavyonata kwenye nguo. Ukivitazama vimaua hivyo kwa kioo utaona undugu, kwani navyo ni vimrija.

Kuna undugu mwingine uliofichika kwenye rangi. Waridi, hibiskasi na maua mengi mekundu hupata rangi yao kutokana na kemikali ziitwazo anthosianini. Bogenvilia haina hizo. Ina betaleni, rangi zile zile za bitruti na mchicha mwekundu, na mimea hiyo yote imo katika oda moja, yaani kundi lililo juu ya familia, iitwayo Caryophyllales. Betaleni za wekundu na betaleni za manjano zikizidi au zikipungua ndipo tunapopata zambarau, nyekundu, chungwa na manjano. Zote zikikosekana tunapata nyeupe.

Alamanda ya manjano si ndugu. Ile ni ya familia ya Apocynaceae, na utomvu wake mweupe ni sumu.

## Naweza kuotesha kwa mbegu nikapata jina lile lile?

Hapana. Mbegu huchanganya wazazi, na mche utakaoota ni mmea mpya usio na haki ya jina la mama yake. Isitoshe, aina nyingi hazizai mbegu. Bogenvilia ya kawaida ina kromosomu 34; baadhi ya machotara yana 51, na idadi hiyo isiyogawanyika sawasawa huyafanya tasa. Jina la aina huhifadhiwa kwa kipandikizi: tawi lililokomaa nusu, sentimita 15 hadi 20, kwenye mchanga unaopitisha maji, kivulini. Unapohamisha mche usiiguse mizizi, ni dhaifu na hukatika upesi.

## Kujua spishi kunanisaidia nini katika kuitunza?

Kunasaidia sana. *B. glabra* na wanawe huchanua kwa vipindi karibu mwaka mzima, huvumilia chungu, na hukubali kupogolewa mara kwa mara. Hizo ndizo za baraza na roshani. *B. spectabilis* hungoja ukame. Itapita masika yote, Aprili hadi Juni, ikitoa majani na miiba, halafu Januari hadi Machi, jua likichoma na mvua hakuna, ndipo itakapofunika ukuta mzima. Mwenye *spectabilis* akiimwagilia kila jioni kwa huruma anainyima sababu ya kuchanua. Mbolea yenye naitrojeni nyingi nayo italeta majani tu. Kila aina inahitaji jua la angalau saa sita.

## Nina mimea mingi isiyo na majina. Nianzie wapi?

Anza na ile unayoijua, hata kama ni mmoja. Majina hupotea pale kipandikizi kinapotoka mkono mmoja kwenda mwingine bila maandishi. Andika jina siku ile ile unayokata tawi. Wino wa kalamu hufutika kwa jua la hapa kabla ya msimu kwisha, na kibao cha bati huliwa na chumvi ya bahari. Kata ukanda wa kopo la soda la aluminiamu, uuweke juu ya gazeti, chora jina kwa ncha ya msumari, toboa tundu na uufunge kwa waya uliolegea kwenye tawi la pembeni, si kwenye shina linalonenepa. Kwa ile usiyoijua, chora mahali ulipoitoa na mwezi: "Bougainvillea sp., Kisauni, Februari". Piga picha ya jani upande wa chini, mwiba, na kimrija kwa karibu, pamoja na ile ya rangi. Ukimgawia jirani kipandikizi, mpe na ukanda wake.